Gari Lisilotembea

Baba watoto,

Sisi wazima. Binti yako mkubwa kajifungua salama, na bati la jikoni lililokuwa likivuja nimelibadilisha mwenyewe.

Halmashauri wametupa siku saba tuondoe vyuma chakavu uani. Nimeuza karibu vyote, hata ile injini uliyoigeuza kiti. Imebaki pikapu yako. Bwana afya wao aliizunguka, akaipiga teke, akasema, "Mama, gari lisilotembea ni takataka. Jumatatu tunalibeba."

Nikamuuliza, "Na likitembea?"

Akacheka. "Likitembea, ni gari."

Ulipoondoka ulisema unakwenda kuitafutia giaboksi, wiki mbili tu. Huu mwaka wa sita. Giaboksi nimeipata humu humu uani, chini ya rundo la milango. Nimeifunga kwa mikono yangu, na jana pikapu ilinguruma mpaka majirani wakatoka nje.

Jumatatu wakija watakuta uwanja mtupu, umefagiliwa. Msalimie huyo anayekupikia. Na mkisikia honi mlangoni, usijifiche. Nakuletea gari lako. Nguo zako zote zimo nyuma.

Ni mimi,
fundi wa hapa nyumbani