Nguzo Ndani ya Kabati

Jumanne, 12 Novemba

Nimemkosea Dale Kubiak, fundi wetu wa milango. Niandike hivyo kwanza, maana mdomo umeshindwa kusema.

Mlango aliotufungia haukuwa mbovu. Mbovu ni mimi. Mwezi wa nane Renae, mke wangu, alikwenda kwa dada yake wiki nzima. Nyuma yake nikabomoa lile kabati refu lililotenga jiko na sebule. Nilitaka pawe wazi — mtu akikaanga mayai aone mpaka bustanini, kama nyumba za kwenye televisheni. Kabati la 1958, umri mmoja na nyumba. Katikati yake, nyuma ya rafu za sahani, nikakuta nguzo. Kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti kuu ya paa. Niliiwaza siku nzima. Kesho yake nikaikata. Boriti ikaguna kidogo, kama mtu mzima anapokaa kitini. Nikajiambia mbao kavu hulia.

Renae aliporudi aliuliza nani kasema inafaa kukatwa. Nikamwambia injinia amekuja, ametazama, kasema ni pambo tu. Hakuna injinia. Sijawahi kumpigia hata mmoja.

Oktoba mlango mkubwa wa vioo ukaanza kugoma. Dale ndiye aliyeufunga, mwezi wa sita. Nikaandika kwenye ukurasa wa mtaa: Dale kafunga kombo, jihadharini. Nasikia watu wawili wameghairi kumpa kazi.

Daftari hili linakaa chini ya kiti cha gari. Naandikia humu humu garini. Ndani ya nyumba siandiki vizuri. Macho yanapanda juu.

Jumatano, 13 Novemba

Nina mpini wa ufagio. Mwezi uliopita niliukata kwa kipimo: nikiusimamisha chini ya boriti, katikati, sarafu inapita juu yake. Naupima kila siku Renae akishakwenda kazini.

Leo sarafu haikupita. Kadi ya maktaba ilipita.

Ijumaa, 15 Novemba

Dale kaja mwenyewe, bila kuitwa. Akavua viatu mlangoni kama siku zote. Kasema hataki ugomvi, anataka mlango wake uende.

Kaweka pima maji juu ya fremu.

"Curt, huu mlango niliuacha unasukumwa kwa kidole. Mkeo shahidi."

"Sasa hausukumiki hata kwa bega."

"Fremu haioti kitambi, bwana. Kuna kitu kimeikalia."

Akatazama juu. Kisha akatazama pale kabati lilipokuwa, nimepafunika zulia. Kauliza palikuwa na nini. Nikasema rafu za sahani, na injinia kapitisha. Injinia gani? Nikasema jina limenitoka. Uso wangu ulikuwa wa moto, naamini aliuona.

Akavaa viatu vyake taratibu. Alipofika nje akageuka. "Theluji ikianza, nipigie. Hata kama bado unanisema."

Afadhali angenitukana.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani Dale alikaa benchi mbili mbele. Mchungaji kasema tupeane mikono. Dale akageuka, akanipa wake. Mkono mzito, wenye joto. Nikaushika kama mwizi anayeshika komeo.

Mchana akaja Elias Haddad wa nyumba ya mkabala. Kijana mzuri. Mkewe Noor ana mimba ya miezi saba. Nyumba yao ni pacha wa yetu — mtaa wote ulijengwa kwa ramani moja, ukienda chooni kwa jirani huulizi njia.

"Mzee Curt, umeniharibia ndoa," kasema. "Tangu Noor aone sebule yenu, kabati letu halimpendezi tena. Nimelifungua. Kuna nguzo kama ile yenu."

Nikatazama nyumba yao, ng'ambo ya barabara. Akaendelea:

"Renae katuambia injinia wenu alisema ni pambo. Nyumba ni moja, ramani moja. Sasa nimlete mwingine aje kurudia yaleyale? Nimeshaazima msumeno. Jumamosi asubuhi, saa mbili, nakata."

Palepale ataweka kitanda cha mtoto. Kasema jua la asubuhi linafika vizuri.

Alisimama ananingoja niseme neno. Uwongo wangu umeshavuka barabara, umeingia kwa watu, na mimi ninao ukweli hapa kinywani. Nikasema nini? Nikasema: "Vaa miwani ya kukinga macho."

Basi. Hayo ndiyo niliyosema.

Jumatano, 20 Novemba

Kadi ya maktaba haipiti.

Dirisha dogo la juu, chini ya paa, lina ufa pembeni. Renae kauliza ni ndege kagonga? Nikasema ndege.

Alhamisi, 21 Novemba

Redio inasema theluji kuanzia kesho mchana mpaka Jumamosi. Inchi kumi. Paa letu ni bapa, theluji haina pa kuteleza. Itakaa hapo, na ikikaa itazidi kuwa nzito.

Na Alhamisi ijayo ni Sikukuu ya Shukrani. Watu kumi na wanne. Renae kashapanga meza: bata mzinga katikati, mama mkwe kwenye kiti chake. Nimehesabu hatua. Kiti kiko chini ya boriti kabisa.

Jioni nilivaa koti nikaenda kwa Elias. Kweli nilikwenda. Nilifika kwenye sanduku lao la barua. Nyumba hizi ni vioo vitupu, hufichi kitu — nikamwona Noor anakunja vinguo vidogo, vyeupe. Akanipungia mkono. Nikampungia. Kisha nikachukua pipa lao la taka, nikalirudisha uani, nikaenda zangu. Elias katuma ujumbe: ahsante mzee, majirani kama wewe hawapo siku hizi.

Ijumaa, 22 Novemba

Saa tisa na nusu alasiri. Garini, mbele ya nyumba, injini inawaka.

Theluji ilianza saa sita. Renae karudi mapema. Asubuhi nilikuwa nimepima nikasahau mpini palepale. Alipoingia aliukuta umesimama peke yake katikati ya sebule, hakuna anayeushika. Akauvuta. Haukutoka.

"Curt, ufagio umekwama. Umeshikilia nini?"

Akafuata mpini kwa macho mpaka juu. Akatazama zulia. Akatazama ule ufa wa dirisha.

"Nipe jina la injinia."

"Hakuna."

Kisha kasema polepole: "Miezi mitatu umeniacha nalala chini ya hiki kitu. Na Dale wa watu tukamchafua." Akachukua koti na dawa zake. Kaenda kwa dada yake. Mlangoni kaniambia nisithubutu kulala humo ndani.

Habari za Elias sikumwambia. Hata hapo, bado nilificha.

Nimempigia Dale mara tatu. Hapokei. Labda yuko njiani, labda kaona jina langu. Simlaumu.

Basi nitafanya hivi, na naandika ili nisirudi nyuma. Kesho, Jumamosi, tarehe 23, kabla ya saa mbili asubuhi, nitakuwa mlangoni kwa Elias. Nitasema kwa mdomo wangu: nguzo inabeba paa, injinia sikumwita, nilidanganya, usikate. Na saa hiyohiyo nitaandika kwenye ukurasa wa mtaa, kwa jina langu: mlango wa Dale Kubiak ulikuwa sawa, mbaya ni mimi Curt Wieringa.

Kwa Elias taa imewaka. Naye karudi mapema, kwa sababu ya theluji. Namwona vizuri kupitia kioo. Kuna kitu usoni mwake. Noor amekaa kwenye kochi, anamcheka, anampiga picha.

Ni miwani. Kavaa miwani ya kukinga macho.

Anainama. Anafungua waya wa umeme, anautandaza mpaka ukutani.

Hapo juu nimekata neno kesho. Nimekata Jumamosi, nimekata 23. Isomeke: leo, Ijumaa, tarehe 22, sasa hivi, kabla hajachomeka ule waya. Naiacha kalamu. Nashuka.