Karakana ya Tulinagwe

Tukuyu, 3 Februari 2026

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Nakuandikia kwa sababu humu kwa wakwe simu yangu inasikilizwa na kila mtu.

Wazazi wanalalamika kwamba watoto wao wa Kidato cha Tatu wataumia wakijifunza kuchomelea vyuma. Ijumaa bodi ya shule inakuja kuamua kama karakana ninayofundishia ifungwe. Na mwenyekiti wa bodi, Mama, ni baba mkwe! Nitamwoneshaje mashine yetu ya kukatia majani ya ng'ombe, wakati kwa mila yetu mkwe wa kike hata njiani hatakiwi kukutana naye? Vijana wameihangaikia tangu mwaka jana. Karakana ikifungwa watarudi kukariri michoro ubaoni. Nishauri upesi, nazunguka tu kama kuku anayetaka kutaga.

Mwanao, Tulinagwe

Masukulu, 5 Februari

Mwanangu,

Ugonile. Goti linauma mvua ikianza, na huku mvua haijui kupumzika.

Usithubutu kusimama mbele ya mkweo! Watasema sikukulea. Jifiche stoo, huyo mwanafunzi wako Ikupa unayemsifia kila siku aoneshe kazi. Na ule, maana ukiwa na wasiwasi unashindia chai.

Mama yako

Tukuyu, 7 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeharibu.

Nilijificha stoo, nikawa nachungulia. Ikupa alieleza vizuri mpaka nikasikia raha. Akawagawia wajumbe vioo vyeusi vya kukinga macho, akavaa kofia ya kuchomelea, akainamia chuma. Baba mkwe kioo chake alikitia mfukoni, akasogea kuangalia kwa macho matupu. Ule mwanga ungemuunguza macho, na Ikupa hamwoni. Nikangoja mtu mwingine aseme. Hakuna. Nilitoka mbio, nikamziba mzee macho kwa viganja vyangu, nikapiga kelele, "Tata, fumba macho!"

Nimemgusa uso, Mama! Mbele ya bodi nzima! Aliondoka, wenzake wakamfuata. Mume wangu Obed hasemi nami tangu jana. Jibu hata mstari mmoja.

Mwanao

Tukuyu, 12 Februari

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Karakana imetiwa kufuli. Vijana wananiuliza lini tutamalizia mashine, nami nasingizia umeme. Naogopa. Kama na wewe umenikasirikia, sema tu.

Mwanao

Masukulu, 15 Februari

Mwanangu,

Ugonile. Sikukasirika. Mkweo alituma mtu kusema anakuja, nikaona nisikujibu kabla sijamsikia.

Amekuja leo, ameshika jogoo. Mimi nilijua anakurudisha kwetu, nikammiminia tu maziwa. Akanywa taratibu, kisha akasema, "Wenzangu wanabishana kama watoto wa watu wako salama na yule mwalimu. Nimewaambia waniulize mimi, ndimi niliyezibwa macho."

Kumbe jogoo ni wa kukushukuru! Nililia, mwanangu, bila aibu.

Kesho kufuli linatolewa. Ila mkiwa nyumbani, amesema, uendelee kumkimbia kama kawaida.

Mama yako