Mama Mkwe Anakikana Kitabu Changu cha Mafuriko

Bi Zeyana, shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nikijieleza najiona nina haki, nikiirudia kuisoma najiona nina makosa, na sasa sijui nipo upande gani, kwa hiyo naomba unisikilize hivi hivi nilivyochanganyikiwa.

Mimi ni mwalimu wa historia, naishi Kerege na mke wangu Saida. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika kitabu cha mafuriko, ukame na tufani zilizopita huku kwetu, maana watoto shuleni wanasoma habari za mito ya nchi za mbali na hawajui Wami ulipofurika babu zao walikimbilia wapi. Nilizunguka na simu nikirekodi wazee, na mwaka juzi nikafika Mkange kwa mama mkwe wangu, Bi Ashatu, nikamwomba anisimulie mvua za Elinino, nikidhani nitasikia habari za mpunga uliosombwa tu. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akaniambia kwamba asubuhi ile, mwaka mmoja kabla Saida hajazaliwa, maji yalimkuta shambani na mwanawe wa kiume wa miaka mitatu, akapanda naye juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia ndege, dungu likang'oka, akashika tawi la mkuyu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, na mtoto akaenda na maji, hakuonekana tena. Bi Zeyana, nina miaka sita kwenye ndoa na siku zote nimeambiwa Saida ndiye kifungua mimba.

Nikamuuliza, "Mama, niandike?"

Akasema, "Andika, baba. Si ndiyo kazi yako?"

Nikaandika. Saida sikumwambia, nilijiambia siri si yangu, na jina la mama sikulitaja, niliweka "mama mmoja wa Mkange".

Siku ya kuzindua kitabu pale shuleni nilimwomba mwalimu mwenzangu, Jasmin, asome sehemu moja kwa sauti, na nikamchagulia hiyo, kwa sababu, sikufichi, ndiyo niliyoiandika vizuri kuliko zote. Mama na Saida walikaa mstari wa mbele. Jasmin alipofika kwenye maneno "mkono ukachoka, akamwachia", mama akasimama.

"Sikusema nilimwachia," akasema mbele ya watu wote. "Nilisema aliniponyoka."

Akatoka. Saida akamtazama mama yake akiishia mlangoni, akanigeukia mimi. "Nani aliponyoka?"

Hii ni wiki ya tatu. Mama anawaambia watu kwamba kitabu ni cha uongo na hakuwahi kuzungumza nami habari hizo. Saida hajui amlilie kaka asiyemjua, amkasirikie mama yake au anikasirikie mimi, siku moja ananipikia na kucheka, siku ya pili haitikii salamu. Nami sauti ya mama ninayo kwenye simu: kwanza anasema "akaniponyoka", kisha analia, kisha anasema, "Nilimwachia, baba. Nilimwachia mwenyewe." Je, nimsikilizishe Saida ajue sikumzulia mama yake? Au nilifute neno lile, na nikilifuta hilo leo, kesho nitaandikaje historia?

Mwalimu Yunus, Kerege
(Majina tumeyabadilisha.)

BI ZEYANA ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu. Pole, maana naona hukutenda kwa ubaya. Lakini ulikosea, tena mara kadhaa, na kubwa kuliko yote ni siku ile ya uzinduzi. Mama alikuruhusu kuandika. Hakukuruhusu kumkalisha mbele ya watu asomewe msiba wake, eti kwa kuwa sentensi zimekaa vizuri! Na mke wako akajua habari za kaka yake kutoka kwa mwalimu Jasmin. Hukuona haya?

Sasa hiyo rekodi. Usimsikilizishe Saida, usimsikilizishe mtu yeyote. Unataka kuthibitisha kwamba mama alimwachia mwanawe? Mimi nimezika mtoto, Mwalimu, aliugua homa siku mbili tu, na mpaka leo kuna siku nasema nilimuua kwa kuchelewa kumpeleka hospitali. Ungenirekodi siku hiyo ungesema nimekiri. Mama yako alikupa habari ya mafuriko, kisha akalia mbele ya mkwewe kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumlilia. Habari ilikuwa ya kitabu. Kilio kilikuwa chako wewe, ukitunze.

Historia yako haitaharibika. Vitabu ambavyo havijatoka vizuie, chapisha upya ukurasa huo, uandike kama alivyosema alipokuwa ametulia: aliniponyoka. Kabla hujachapa umsomee yeye, na akisema hataki kabisa, uutoe. Rekodi mkabidhi, aamue mwenyewe.

Saida usimharakishe. Anacheka leo na kununa kesho kwa sababu ana msiba wa miaka mingi uliomfikia juzi. Mwombe radhi bila kujitetea, usitie neno "lakini" hata moja. Halafu mpeleke Mkange, na mkifika salimia, utoke, uwaache mama na mwana. Hata wakikaa kimya mchana kutwa, waache.

Jambo la mwisho. Juzi nilikupigia simu nikakuuliza mtoto aliitwa nani. Ukaniambia, "Sikumuuliza, Bi Zeyana." Aina ya mti uliuliza. Basi Saida amuulize mama yake, na Bi Ashatu akilitaja jina hilo, tafuteni siku, waiteni jamaa, mumsomee dua mtoto kwa jina lake. Wewe ndiye utakayetandika mikeka na kupokea wageni, maana aliyekwenda na maji ni shemeji yako.