Sauti ya Daktari Asiyejulikana

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko ugenini, wewe na mkeo na huyo mwanenu ambaye naambiwa ameanza kutembea kwa kushikilia viti. Je, kile kikohozi chako kimepoa? Mimi nipo, ingawa siku hizi uchovu unaamka kabla yangu.

Uliuliza mbona nimekuwa kimya. Kazi ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili nitaifikia. Mwanzo wa muhula, mkuu wa shule aliniita ofisini, akanieleza kwamba wanafunzi wetu waliotangulia vyuoni wanarudishiwa kazi zao, kwa kuwa wamenakili mtandaoni bila hata kujua nani kaandika. Akasema mimi mkutubi ndiye nitakayewafunza wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutafuta habari, kuzipima na kutaja zilikotoka. Kazi zangu nyingine hakunipunguzia hata moja. Maktaba yenyewe unaikumbuka: kompyuta zinazowaka ni chache, zilizobaki ni za kufutwa vumbi tu.

Nimesema mpaka koo limekauka. Ukimwuliza mtoto habari hii kaipata wapi, anakujibu, "Kwenye simu," kana kwamba simu ni mtu aliyesoma. Kwa jinsi ninavyowauliza nani kasema na amejuaje, wamenibandika jina la Bibi Nani-Kasema. Wakiniona wanacheka. Nami nacheka nao, maana hasira nayo inataka nguvu.

Mwishowe nikawaambia kila mmoja achukue jambo moja linaloaminiwa nyumbani kwao, alifuate mpaka chimbuko lake. Yuko binti mmoja, mtoto wa fundi cherehani, wenzake wanamwita Chiriku kwa kupenda kusema. Yeye alichagua sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu. Mwanamume anayejiita daktari anawashauri wenye presha waache vidonge, eti vinaozesha figo, badala yake wanywe maji ya majani fulani. Chiriku alikwenda hospitali iliyotajwa, wakamwambia hawamjui daktari huyo. Akakaa kwenye benchi la duka la dawa mpaka wateja walipokwisha, mfamasia akapata nafasi ya kumjibu. Akasoma kila alichokipata kuhusu majani yale, na hakuona mtaalamu hata mmoja aliyesema mgonjwa aache dawa zake. Mwishoni aliandika kwamba mwenye sauti hakumpata, wala hatajifanya anamjua. Alipoisoma kazi hiyo mbele ya darasa nilijisikia mwepesi, kitu ambacho sikumbuki lini mara ya mwisho kilinitokea. Kisha akawasikilizisha wenzake ile sauti.

Maneno yale nilikuwa nikiyasikia kwa Mama, vilevile yalivyo. Siku zote nilidhani ni porojo za majirani.

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo. Jagi la majani lilikuwa mezani. Vidonge vyake vya presha vilikuwa kabatini, pakiti hazijaguswa. Nilimweleza yote aliyoyagundua Chiriku. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Hayo kawafundishe wanafunzi wako. Sauti hii kaniletea mtoto wangu wa kumzaa. Ataniletea sumu?" Nikampeleka muuguzi wa jirani ajaribu yeye. Mama akameza kidonge mbele yake, akamshukuru sana, na mgeni alipotoka akarudi kwenye jagi lake.

Sasa kaa kitako, ndugu yangu. Mama alianguka jikoni. Ni kiharusi. Ametoka hospitali na yuko kwangu, anakula, anatujua wote, lakini mkono wa kulia bado haushiki kikombe, na maneno yanamtoka mojamoja. Alinikataza nisikuandikie, akisema una kazi na una mtoto mdogo. Nimejaribu kumtii, nimeshindwa.

Na mtoto aliyemletea ile sauti ni wewe. Najua ulimtumia kwa mapenzi, kama mtu aliye mbali anavyomtumia mama yake shuka. Daktari hakuniambia kwamba ni majani tu yaliyomwangusha, nami sitakuambia nisichokijua. Sijaandika kukulaumu. Hata kama ningetaka, sina nguvu hizo.

Nimeandika kwa sababu jana ameniuliza lini ataruhusiwa kurudia majani yake. Vidonge anavimeza kwa kuwa nasimama mlangoni nikimtazama, na siwezi kusimama mlangoni maisha yangu yote. Mimi nimemletea vitabu, muuguzi na mfamasia. Machoni pake hao wote hawakufikii wewe. Mpigie wewe, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea, na kwamba unataka avimeze. Atachelewa kukujibu. Usimmalizie neno lake. Ngoja alifikishe mwenyewe.

Chiriku amepata nafasi chuoni, na anakusalimu bila kukujua. Hajaambiwa kwamba kazi yake ilifika mpaka kwa Mama. Nitamwambia nikipata maneno. Msalimie wifi yangu, nibusie mtoto, mwambie shangazi yake anamkumbuka. Usiogope kupiga hata asubuhi sana, simu ya Mama nimeiweka kushoto kwake, upande wa mkono unaoshika.

Ni mimi dada yako,
akupendaye siku zote