Baba, Pizza Nimeiunguza Juu

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeiandika salamu kwa mazoea, kisha nikakaa kidogo na kalamu mkononi kama anayengoja kuitikiwa. Basi naendelea.

Huku wazima. Hivyo ndivyo tunavyowajibu watu. Mama yumo ndani anakaa eda, na arobaini yako imepita. Hitima ilisomwa, pilau ikapikwa, watu wakala wakashiba, wakasema marehemu alikuwa mtu wa watu, wakaenda zao. Shangazi Mwajuma amebaki nasi, na unamjua dada yako, hakuna jambo lisilo na neno lake. Upepo wa msimu huu unatia vumbi hadi ndani ya mtungi wenye kifuniko. Yule mama Mmarekani wa mradi wa visima uliyekuwa ukimpikia amerudi kwao Teksasi. Kabla ya kuondoka alikuja kutoa pole. Alikaa mkekani, miguu hajui aiweke wapi, akalia kutushinda sisi wenye msiba. Mimi nilikuwa namtazama tu na sinia ya chai mkononi.

Maana sijalia, Baba. Niseme wazi, kwako sina cha kuficha. Siku ya hitima nilipewa vitunguu vya pilau nimenye, machozi yakanitoka, na majirani wakanizunguka. "Lia mwanangu, lia, afadhali umelia." Sikuwa na moyo wa kuwaambia ni vitunguu. Nimefua, nimefagia, nimepokea wageni, nimerudisha masufuria ya watu. Nikijitafuta ndani nakuta ganzi tupu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaubonyeza na unajua ni wako, basi.

Mwenye kutupa wasiwasi ni Mama. Hali chakula. Si kwamba amesusa, anapokea sahani, anashukuru, anaupapasa ugali kwa vidole, kisha anairudisha sahani kama ilivyokuja. Uji anakunywa vijiko viwili vitatu kwa kutuhurumia sisi. Shingo imebaki mishipa. Mganga wa zahanati alikuja, akasema hana ugonjwa, ale tu. Shangazi alipomsindikiza akarudi akasema, "Wifi yangu akiendelea hivi tutapika pilau nyingine hapa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua. Nami nilimsikia kwa utulivu huohuo, nikaendelea kuchambua mchele. Baadaye ndipo nikaogopa, maana mtu anatajiwa kifo cha mama yake naye anaokota mawe kwenye mchele.

Sasa leo asubuhi, Jumamosi, Mama akasema mwenyewe bila kuulizwa, "Ningeonja ile pizza ya baba yako."

Shangazi akanitazama. Mimi nikavaa kanga nikaenda Uhindini.

Baba, ungeyaona maduka. Tangu ruksa ya biashara ilipokuja vitu vimejaa mpaka vinamwagikia barazani. Jibini ipo, nyanya za kopo zipo, ngano unachagua gunia. Nilikumbuka ile miaka ya foleni, ulipokuja na kipande cha kwanza kutoka kwa mama Mmarekani umekifunga kwenye gazeti, sisi tukadhani ni chapati iliyomwagikiwa mchuzi. Ulituambia Teksasi imepakana na Meksiko, na Wameksiko wakipata maharage na pilipili hawaulizi kingine. Nilipotafuna nikasema nyama ina bizari nyembamba kama ya pilau, ukafurahi mno. "Hawa nao ni Waswahili," ulisema, "hawajaambiwa tu." Ukaanza kutupikia kila ulipobahatisha unga, na jibini ilipokosekana ulichuja maziwa mgando kwenye kitambaa yakining'inia kwenye msumari wa dirisha. Mimi uliniruhusu kuponda maharage tu. Jikoni hukutaka mtu. "Kaa mbali, nitakuita kula."

Basi nikajifanya wewe. Nilikanda unga nikauacha juani umefunikwa. Nikaponda maharage yaliyolala, nikayarudisha kwenye mafuta na kitunguu hadi yakawa mazito. Nyama niliikatakata kwa kisu mpaka ikawa laini, nikaikaanga na bizari, kitunguu saumu na pilipili kichaa. Unga nikautandaza kwenye sinia, maharage chini, nyama juu yake, hoho, punje za mahindi mabichi, halafu jibini. Kachumbari na maziwa mgando nikaweka pembeni, vya kumiminia mwisho. Hayo yote mikono ilifanya yenyewe, mimi sikuwepo.

Kosa likaja kwenye moto. Sufuria kubwa nilitia mchanga, sinia ikakaa juu ya mchanga, mfuniko, kisha makaa. Na mimi makaa nimefundishwa na Shangazi, kwa mkate wa kumimina na kwa wali wa kupalia. Mengi juu, chini yabaki machache. Ndivyo mkono wangu unavyojua. Nikarundika mfunikoni moto wote wa jikoni, nikakaa kungoja. Kumbe wewe ulikuwa ukifanya kinyume, nami ningejuaje, maana jikoni ulikuwa unanifukuza. Nilipofunua, jibini imekuwa nyeusi kama kitako cha sufuria, na chini unga mbichi unanata kwenye kisu.

Nilisimama nikaitazama. Mama siku zote hizi hajaomba kitu, ameomba hiki. Nikafikiri, nikimpelekea hii ataigusa, atashukuru, atairudisha, na hataomba tena. Nilifikiri hivyo, Baba, na bado moyoni hapakutikisika kitu.

Ndipo akaingia Bi Matika na kapu lake la zabibu kichwani. Mtani wako huyu hajabadilika. Siku ya maziko alijilaza kizingitini, akasema jeneza la Mnyamwezi halipiti juu ya Mgogo mpaka alipwe kanga mpya, na sheikh akangoja mpaka Shangazi akavua yake begani akampa. Alikuwa amevaa kofia yako ya upishi, anapita katikati ya wafiwa akisema "Yes, madam," kwa sauti yako kabisa. Watu walilia huku wanacheka. Mimi niliona tu kofia imemkaa vibaya.

Leo alichungulia sufuria, akashika kiuno. "Baba yako kafa mara moja, wewe unamwua mara ya pili?" Akanisukuma kando, akakwangua weusi kwa kisu, akaikalisha sinia juu ya jiko lenyewe, moto chini, akipuliza kwa pindo la kanga na kuniuliza kama Wanyamwezi wote hubeba moto kichwani kwa kuzoea mizigo. Chini ikakauka kiasi. Nikamwagia kachumbari na maziwa mgando kuficha aibu, nikakata.

Kabla sijapakua akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, akatoka nacho uani.

Unajua desturi yenu ilivyokuwa. Kila pizza ikiiva yeye huiba kipande, nawe unasimama mlangoni na mwiko unapaza sauti mtaa mzima usikie, "Mgogo we! Rudisha mali ya watu!" Naye anakujibu, "Mbeba mizigo, nikimbize!" Tulikuwa tunasikia haya, wazee mlivyokuwa hamna aibu, jirani wanacheka na maji yao vichwani.

Leo alitembea taratibu. Alifika mlangoni pa ua akasimama, ametugeuzia mgongo. Alikuwa anangoja, Baba. Nikaelewa kwamba ni zamu yangu kusema, mimi mtoto wako mkubwa, na maneno nayajua yote. Nikafungua kinywa. Hayakutoka. Shangazi naye alikuwa ameinamisha kichwa. Mgongo wa Bi Matika ukaanza kutikisika kidogo kidogo.

Mara kutoka ndani, nyuma ya pazia, "Mgogo we! Rudisha mali ya watu!"

Ni Mama. Sauti imekwaruza kwa kukaa bila kutumika, lakini ilifika barabarani. Shangazi akaruka alipokaa. "Wifi! Uko edani! Sauti!" Mama akamjibu kwamba eda ya mume inamzuia mengi, kutetea chakula cha mumewe haimzuii. Bi Matika aligeuka anacheka mdomo wazi, akajaribu kujibu lile neno lake la nikimbize, likamkwama. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, kipande mkononi, akalia kilio chenyewe hasa, kisicho cha utani.

"Nileteeni na mimi," Mama akasema, "kabla huyu hajaimaliza."

Nilimpelekea. Nilipiga magoti mbele yake nikashika sahani kwa mikono miwili. Alitafuna polepole sana. "Juu imeungua," akasema. Akatafuna. "Chini mbichi." Akamalizia kile kipande, na ule ukingo mgumu, na akalamba maziwa vidoleni. Akauliza kama kipo kingine au Mgogo kavisomba vyote. Kilikuwepo. Akakila nacho.

Nimekuandikia yote haya kwa sababu ndiyo habari ya nyumba yako. Mkeo amekula. Amesema Jumamosi ijayo nipike tena, na makaa safari hii niweke chini. Nitafanya hivyo. Nitajifunza moto wako kwa kuunguza, maana mwalimu hakutaka mwanafunzi jikoni. Na Bi Matika tutamwachia kipande kikubwa bila kumwambia.

Sasa ni alasiri. Mama amelala mkekani hapa karibu yangu, anakoroma, kinywa kimefunguka, na shavuni ana alama ya nyanya. Hajalala mchana tangu utuache, na usiku nao sijui kama alikuwa analala. Najihisi kifuani kama ule mguu unapoanza kurudiwa na damu, unachoma, sijui kama napenda. Naandika taratibu, hata karatasi nageuza kwa uangalifu.

Mola akulaze pema, Baba. Nitakulilia, nakuahidi, nitakulilia kwa sauti mpaka Shangazi akose neno. Leo niache, Mama asije akaamka.

Mwanao,
Zaituni