Mwamba Niliougonga Mlangoni Tu

Mgodini, Iramba

Mke wangu, Mama Salimu,

Nakusalimu wewe na watoto, nami nauliza mtama umefikia wapi. Mimi ni mzima wa mwili. Shemeji anayekusomea namwomba asiruke neno.

Baba yako yuko huku, yu hai, mguu mmoja umevunjika. Aliletwa na watu wa akida kufanya kazi ya kodi, akatiwa katika kundi langu.

Mwamba wa hapa umeoza. Kabla ya kusimamisha magogo ya kushikilia dari, tunautoboa kwa tindo, tunamimina uji wa saruji ndani ya nyufa, kisha tunangoja ushikane. Magogo hukazwa kwa nyundo, na mwamba ambao haujashikana huporomoka kwa mtikisiko. Kazi yangu mimi mnyapara ni kuugonga mpaka mwisho wa shimo na kusikiliza. Ukilia kama chungu chenye ufa, watu hutoka, tunangoja tena.

Siku ile baba yako alikuwa ndani kabisa, amejifunga kitambaa kiunoni tu. Njia ni nyembamba. Kufika mwisho ningempita kifua kwa kifua. Wajua tangu nikuoe sijala naye sahani moja. Nikagonga mlangoni, pakalia vizuri, nikasema kazeni. Mnyamwezi mmoja akanitania, "Leo mnyapara ana haya kama bibi harusi." Nami nikacheka.

Gogo la ndani halijakaa sawa, dari ikashuka. Wenzake walitoka na michubuko. Yeye tulimfukua, na aliyemvuta kwa makwapa ni mimi, kifua kwa kifua.

Mganga wa Wadachi wenye mgodi amemfunga mbao mguuni. Kila siku naenda, naishia nje ya mlango. Jana alimtuma yule Mnyamwezi kwangu: "Mwambie mkwe wangu heshima yake nimeiona. Lakini angenifukuza mle ndani kama mbwa, leo ningekuwa natembea."

Nimepewa ruhusa ya kumleta nyumbani kwa machela. Mama mkwe mpe habari wewe, mimi sina kinywa. Nisalimie kaka yako, na mama yangu mwambie asije kutupokea njiani, asimwone mzee amebebwa. Salimu amtandikie babu yake karibu na moto.

Niliomba kushika mti wa mbele wa machela, nimpe mgongo. Mzee amekataa. Amesema nishike wa nyuma, anitazame usoni mpaka nyumbani Kondoa.

Mumeo,
Baba Salimu