Herufi Mbili Nyuma ya Fremu ya Kioo

Nyumbani, nyuma ya duka la ushonaji,
Jumamosi, tarehe 6 Desemba.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo mbele ya kila neno, kama ulivyonifunza, na naomba ikukute umeketi, si umesimama jikoni kwa miguu iliyovimba. Goti la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia kweli, au unaisifia tu ili tusikuulize zaidi? Na baridi ya huko, imekuachia kifua? Sisi huku tu wazima. Baba mzima, cherehani nzima, na mimi mzima. Nikisema mzima nina maana kwamba nala, nalala na naamka. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Barua zako tatu zote zimefika, na zote zinauliza swali moja: je, Januari nitakuja kuishi kwako na kusoma katika chuo cha huko, au nitabaki na Baba? Chumba umekwisha kukitayarisha, fomu umekwisha kuzichukua, na chuo kinangoja jina langu kabla mwaka haujaisha. Nami kimya. Msichana aliyehutubia wanafunzi elfu mbili bila karatasi mkononi ameshindwa kumwandikia dada ya mama yake ndiyo au hapana. Nisamehe. Neno hilo nitalirudia, na utaona kwa nini naliogopa.

Ninaandika leo kwa sababu kadi ya juma hili inasema JIBU.

Sidhani kama habari za kadi zimekufikia. Desemba ya mwaka jana, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, marehemu mdogo wako alimwomba Mchungaji ratiba ya masomo yote ya Biblia yatakayosomwa kanisani mwaka mzima. Akachukua majalada ya madaftari ya wanafunzi wake wa zamani, akakata kadi hamsini na mbili, na kutoka kila somo akachagua kitenzi kimoja, akakiandika kwa kalamu nene kwa mwandiko wake wa ubaoni. Unamjua. Alikuwa akisema nomino tunazo tele, imani, neema, upendo, lakini nomino hukaa kitako zikangoja kusifiwa. Kitenzi ndicho huinuka Jumatatu asubuhi kikaenda kazini.

Alizifunga kadi kwa uzi mweusi wa Baba. Alipofariki Februari, zilikuwa zimetumika sita. Baba ameziendeleza zilizobaki. Kila Jumapili tukitoka ibadani anachomoa moja na kuichomeka kwenye fremu ya kile kioo kirefu cha dukani, wanapojitazamia wateja. Haelezi, hahubiri. Anachomeka, anaenda kuvua koti.

Hivyo ndivyo Biblia ilivyoishi katika nyumba hii mwaka huu: neno moja kwa juma, mbele ya macho ya kila aliyekuja kupimwa kiuno.

Aprili ilikuja kadi ya TIMIZA, kutokana na lile fundisho kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo. Sasa, Mama Mkubwa, ni fundi gani duniani asiyesema "njoo Ijumaa"? Jumatatu ile Baba alikuwa na wateja wanne walioambiwa kwamba nguo zao ziko kwenye cherehani, hali vitambaa bado vimo mfukoni, mkasi haujavigusa. Akasimama mbele ya kioo, akaisoma kadi, akatoka kwenda kuwaambia ukweli mmoja mmoja. Watatu walishangaa. Wa nne alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Juni ikaja NYAMAZA, kutokana na lile onyo la kuwa mwepesi wa kusikia na mzito wa kusema. Sihitaji kukuambia Mama alikuwa akimfikiria nani. Nikanyamaza siku saba. Siku ya tatu Dada Msusi, yule wa saluni ya mlango wa pili, akachungulia dukani na kuuliza, "Fundi, kipaza chako kimekatiwa umeme?" Unakumbuka kwamba chuoni waliniita Kipaza, kwa sababu wakati wa mgomo mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Baba alicheka. Mimi niliona kwamba inachekesha, kama mtu aonavyo mvua kupitia dirisha.

Umeniandikia nikufungulie moyo wangu. Umewahi kung'olewa jino, ukatoka kwa daktari ukiuma shavu lako mwenyewe bila kuhisi? Ndivyo nilivyo. Tangu mazishi sijalia. Kadi zote nimezitii kama mtu anavyomeza vidonge, kwa wakati wake, bila kuonja. Nimewatembelea wagonjwa wa kanisa. Nimerudisha vitabu vya watu. Nimempa nafasi ya mbele kwenye foleni mama mwenye mzigo. Hakuna lililonigusa.

Agosti ikaja kadi niliyoiogopa: SAMEHE.

Unajua Februari ilivyokuwa. Tulikuwa katika mgomo kwa ajili ya mabweni yanayovuja, na Jumanne Baba alinipigia simu. Alhamisi, nikiwa juu ya ngazi za maktaba, katikati ya hotuba, mdogo wako akakata roho. Nilifika amekwisha kufunikwa. Juma lililofuata chuo kikanisimamisha masomo mwaka mzima, na hilo sikulihisi hata kidogo. Nililokuwa nimelishika ni neno moja la simu ile. Baba alisema, "Mama ana mafua tu." Mafua tu! Kwa miezi sita nililitafuna neno hilo. Nililala nalo, nikaketi nalo mezani tukila bila kusemezana.

Basi kadi iliponiamuru nisamehe, niliandaa hotuba. Nilijua mwanzo wake, kilele chake na mahali pa kuvuta pumzi. Alhamisi asubuhi nikamwendea Baba. Alikuwa akikunja pindo la joho la kwaya, midomo imejaa pini.

"Baba," nikamwambia, "nimekuja kukusamehe. Kwa uwongo ule, kwa ukimya ule, na kwa kwaheri niliyonyimwa."

Akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kijimto cha mkononi mwake. "Asante, mwanangu," akasema. Kisha akazirudisha mdomoni, akaendelea na pindo.

Asante ile iliniudhi. Heri angekasirika.

Jumapili ilipofika ili kadi ibadilishwe, mimi ndiye niliyeichomoa. Ilikuwa imechomekwa ndani mno, na fremu ilikuwa imefunika herufi mbili za mwisho. Kadi haikusema SAMEHE. Ilisema SAMEHEWA.

Nilifanya nini, mimi msomi? Nilimsahihisha marehemu. Nikajiambia: maskini, ugonjwa ulikuwa umemchosha, mwalimu wa sarufi wa miaka thelathini ameteleza. Kauli ya kutendwa haitolewi amri namna hiyo. Unamwambia mtu "soma", humwambii "somwa". Utamwamuruje mtu jambo ambalo mtendaji wake ni mwingine? Nikaitia kadi mfukoni mwa gauni, nikaiweka humo hadi juma hili, kama ushahidi kwamba hata Mama aliweza kukosea.

Somo lililotoa kadi hiyo lilikuwa lile la mwana mpotevu. Nimelisoma tena. Yule kijana naye alikuwa na hotuba, aliitunga njiani kati ya nguruwe na nyumbani, na baba yake hakumwachia aimalize. Mimi pia nilikuwa na hotuba iliyotungwa vizuri. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilijipa nafasi ya baba.

Sasa nifike Jumatano ya juma hili. Kadi ilikuwa JIBU, na barua zako tatu zilikuwa juu ya meza ya kukatia, zimewekewa pasi zisipeperuke. Nikamwuliza Baba: "Nikienda kwa Mama Mkubwa, wewe utabaki na nani?"

"Nitabaki na cherehani. Yenyewe haijaitwa chuo."

"Unataka niende?"

"Mbona unauliza kama mtu anayetafuta kufukuzwa?"

Nikaitoa kadi ya Agosti mfukoni, nikaiweka mbele yake. Nikamwuliza kama Mama alikosea. Akaishika mbali na macho, kwa kuwa miwani alikuwa ameikalia siku iliyotangulia, akaisoma polepole.

"Hakukosea," akasema.

Hapo nikalitapika lile neno. Nikamwambia: Jumanne ile ulisema Mama ana mafua tu.

"Ndiyo. Aliniapisha nisikutie hofu." Alitamka kama anayesoma kipimo cha bega. "Nikasema, ana mafua tu, lakini njoo."

Lakini njoo.

Nilikuwa nimelisikia, Mama Mkubwa. Sitakuficha wewe. Nililisikia saa ile ile, na nilimjibu kwamba nitakuja nikimaliza mkutano. Kwa miezi kumi nimembebesha baba yangu nusu ya sentensi, na nusu ya pili, ile iliyokuwa yangu, nikaifunika kama fremu ilivyofunika herufi mbili. Nilidai haki ya kila mtu kwa sauti kuu, na ndani ya nyumba yetu nilikuwa nimeghushi ushahidi.

"Nisamehe, Baba." Hakukuwa na kilele wala mahali pa kuvuta pumzi. Maneno yalitoka mawili tu.

Hakuja kunikumbatia, unamjua. Alinyoosha mkasi kuelekea lile bomba la ukutani zinakotundikwa nguo zilizokwisha.

"Unaiona suruali ile ya kijivu? Imekwisha tangu Februari. Imepigwa pasi, ina vifungo vyote. Mwenyewe kila siku anapita hapo nje, anageuza uso, anadhani bado sijaikata." Akashusha mkasi. "Yako nayo ilikwisha Februari, mama. Ilikwisha siku ile ile ya kaburi. Nilikuwa nangoja uje uichukue."

"Mbona hukuniambia?"

"Mimi fundi! Nani humwamini fundi akisema nguo yako tayari?"

Ungetamani nikuambie kwamba nililia. Sikulia. Pasi, kumbe haikuwa imepoa, ilikuwa inaanza kuunguza kona ya barua yako ya pili, nikaiondoa. Ndiyo maana ukiiona siku moja utaikuta na alama. Ganzi ilikuwa pale pale. Lakini mchana tulipoketi kula nilisikia chumvi imezidi kwenye maharage niliyopika mwenyewe, nikasema, "Haya yana chumvi mno." Baba akaweka kijiko chini. "Yana chumvi mno tangu Machi," akasema, na akala yote.

Nimelifikiria jambo hilo tangu Jumatano. Miezi tisa anakula chumvi ile, na hakusema neno.

Mama alijua sarufi yake. Kusamehewa nako kuna kazi, na kazi hiyo hakuna awezaye kukufanyia. Kutoa msamaha ningeweza kufanya jukwaani, mbele ya umati, wakanipigia makofi. Kuchukua msamaha ni kuingia mlangoni, kusema jina lako, na kungoja ushushiwe kilicho chako.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu, nalo naliandika wazi: hapana, Januari sitakuja kuishi kwako. Si kwamba chumba hakitoshi au kwamba upendo wako haujanifikia. Nilikuwa nakuja kwako kukimbia, na sasa sina cha kukimbia. Adhabu yangu inaisha Februari, nami nitarudi chuoni kwetu, nilale nyumbani, nipike kwa chumvi ya kiasi. Mabweni bado yanavuja, na bado nitasema. Ila mtu akizungumza nami, nitamsikiliza hadi nukta. Likizo ndefu nitakuja kukutembelea, nikuchue goti mwenyewe.

Nisalimie sana Binamu Mrefu, mwambie suti yake ya harusi Baba anakumbuka vipimo, isipokuwa tumbo, hilo alete jipya. Msalimie Mjomba Nahodha, ambaye sote tunajua hajawahi kupanda hata mtumbwi, na yule mdogo wa mwisho anayenichorea paka wenye miguu sita. Dada Msusi anakusalimu, na Mchungaji pia.

Kuna moja limebaki. Kila barua yako, kati ya zile tatu, imetumia ukurasa mzima kueleza kwa nini hukufika mazishini: goti, hati ya kusafiria, ndege iliyojaa. Nilimsomea Baba kurasa hizo jana, zote tatu. Alisikiliza akitia uzi kwenye sindano, akaukosa mara mbili. Kisha akasema: "Mwandikie shemeji, yake nayo imetundikwa hapa siku nyingi. Aje aichukue."

Nikamwuliza nikuandikie uje lini. Akaanza kutamka "Ij...", akajizuia, kwa maana mazoea yana taabu.

"Siku yoyote," akasema. "Usiandike Ijumaa."

Nimeitia kadi ndani ya bahasha. Isome hadi herufi ya mwisho. Mungu akutunze miguu na akufungulie njia, akulaze salama na akuamshe na nguvu.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, nikupendaye nusu ya kwanza ya sentensi na ya pili,

Kipaza